Krosi-kantri ya peke yako: amua ukiwa bado chini

Siku ya solo ya kwanza, yaani kuruka bila mwalimu, ukishuka tu kwenye ndege pale uwanja wa Wilson, Nairobi, wenzako wanakungoja na ndoo ya maji. Unalowa, mnapiga picha, unatuma nyumbani. Krosi-kantri ya kwanza ya peke yako, yaani safari ya kwenda viwanja vingine na kurudi, haina ndoo. Unarudi, unaifunga ndege kamba, unaenda kujaza makaratasi. Lakini nikiulizwa ni lini nilianza kujiona rubani, sitaji ile siku ya maji. Kuzunguka uwanja huku mwalimu anakutazama kutoka chini si sawa na kuuacha uwanja nyuma hadi usiuone tena.

Vijana wanaosomea urubani huniuliza wajiandae vipi, na wengi hutarajia niwaeleze habari za kushika usukani. Usukani unaujua tayari, la sivyo mwalimu asingekutilia sahihi. Kinachowasumbua watu ni uamuzi unaongojewa mpaka angani, wakati mikono ina kazi na redio inaongea. Kwa hiyo karibu ushauri wangu wote ni huu: amua ukiwa chini, kwa namba, na uziandike kwa penseli kwenye karatasi ya safari.

Kwanza sheria, tuipite haraka. Kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa leseni ya rubani binafsi kinataka saa zisizopungua 10 za kuruka peke yako, 5 kati yake ziwe za krosi-kantri, na ndani yake safari moja isiyopungua kilomita 270, yaani maili 150 za baharini, ukitua na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Mimi nilikwenda Wilson hadi Nanyuki, nikarudi kupitia Mweiga, kile kiwanja kidogo cha nje ya Nyeri. Mzunguko huo unaipita 150 kwa maili chache tu, kwa hiyo upime mwenyewe kwa rula juu ya ramani. Usimwachie tableti.

Sasa hali ya hewa, maana hapa ndipo safari nyingi zinapoharibikia. Kuanzia Juni hadi Agosti Nairobi huamka chini ya wingu zito la asubuhi, na Wilson inaweza kukaa imefunikwa hadi saa nne. Huko Nanyuki muda huo jua linawaka na Mlima Kenya uko wazi mpaka vilele. Wilson ikifunguka, mlima nao unaanza kujifunika, na safu ya milima ya Aberdare vivyo hivyo. Dirisha lako ni finyu. Januari na Februari anga ni nafuu zaidi, ila kuna joto na vumbi. Ripoti za Wilson na JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, utazipata, lakini hazikuambii kitu kuhusu Naro Moru, kule chini ya mlima. Mpigie simu mtu aliye huko juu. Muulize swali moja: "Mlima unauona?" Akikujibu "nusu", usimbembeleze aseme zaidi.

Halafu kuna jambo ambalo ramani inalionyesha wazi na bado watu hulisahau. Ukitoka Thika kuelekea kaskazini, ardhi inashuka kwanza. Sagana iko kama futi 3,900 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo inapanda mfululizo kupita Karatina na Nyeri, na ukifika Naro Moru uko juu ya ardhi ya futi 6,500 hivi, Mlima Kenya kulia kwako na Aberdare kushoto. Tuseme tumbo la wingu liko futi 8,000. Juu ya Sagana una nafasi ya zaidi ya futi 4,000 chini ya wingu hilo, unajiona tajiri. Wingu lilelile, bila kushuka hata kidogo, juu ya Naro Moru linakuachia 1,500. Hakuna kilichobadilika angani. Ni ardhi iliyokufuata. Na kwa kuwa inapanda polepole, jicho halikupi onyo.

Ndiyo maana karatasi yangu ilikuwa na mstari huu, nilioupigia duara: "Sagana: sioni Kilima cha Nyeri na ardhi iliyo nyuma yake, nageuka." Haikuandikwa "nitaangalia hali". Neno "nitaangalia" halina breki. Siku moja nilifika Sagana, Nyeri haikuonekana, nikageuka kushoto taratibu, nikawaarifu waongozaji wa Nairobi, nikarudi. Mwalimu wangu alikuwa amesimama kwenye maegesho.

"Kapteni, nimerudi."

"Nakuona. Umefunga mpango wa safari?"

"Bado."

"Funga kwanza, halafu uje tunywe chai."

Hakuuliza lingine. Najua si walimu wote walio hivyo, na najua kuna mzazi aliyeuza kitu ili saa hizo zilipwe. Saa ya ndege ni ghali, na kuilipa ukarudi mikono mitupu kunauma. Waeleze watu wa nyumbani mapema kwamba safari hii huahirishwa, tena zaidi ya mara moja, ili asubuhi ile usiwe umebeba matumaini ya ukoo mzima kwenye kiti cha mwalimu, kile kitupu cha upande wa kulia.

Kiti hicho chenyewe kina kazi yake. Kabla hujawasha injini, funga mkanda wake ukaze. Mkanda uliolegea unaweza kuingiliana na usukani, au kishikizo chake kikaning'inia nje ya mlango na kugonga bodi safari nzima. Mlio huo ukiusikia uko peke yako, utaapa injini inakufa. Na ujue kwamba bila uzito wa mwalimu ndege inainuka upesi kuliko ulivyozoea.

Mafuta usiyaamini kwa geji. Panda, fungua kifuniko, zamisha kijiti cha kupimia, soma alama iliyolowa, kisha upande wa pili vilevile. Cessna 172 hunywa lita 30 na ushee kwa saa, na sheria ya mchana inataka ubakiwe na ya nusu saa ukitua. Mimi huweka ya saa nzima. Usipige hesabu ya kujaza njiani, maana petroli ya ndege hizi ndogo haipatikani kila kiwanja.

Ukitoka Wilson hujiendei tu. Mashariki kuna JKIA, kaskazini mashariki kuna kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh, na ndege za watalii zinaingia na kutoka bila kupumzika. Fuata njia na kimo ulichopewa na mnara wa kuongozea ndege. Ukiita mara ya kwanza, waambie wewe ni mwanafunzi na uko peke yako. Wengine wanaona aibu. Aibu ya nini? Muongozaji akijua, anapunguza kasi ya maneno na kukupa nafasi. Usiposikia, omba arudie. Mimi nilifanya mazoezi ya miito yote kwa sauti, chumbani, hadi ndugu yangu akaanza kunijibu kama mnara.

Kwenda kaskazini nilichukua futi 9,500, kurudi kusini 8,500, kufuatana na utaratibu wa vimo kwa uelekeo. Kila alama ya ardhini uliyoichagua, andika saa uliyotarajia na saa uliyofika. Ukichelewa dakika tatu kwenye alama ya kwanza, upepo umeshakuambia habari ya njia nzima. Ukihisi umepotea, usianze kuzunguka ukitafuta. Shika uelekeo uleule, tazama saa, tafuta vitu viwili vinavyokubaliana, kwa mfano barabara na reli. Kitu kimoja kinaweza kukudanganya. Bado huelewi? Panda juu ukiwa na nafasi chini ya wingu, useme redioni kwamba hujui uliko. Masafa ya dharura ni 121.5, na kwenye transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwa rada, namba ya dharura ni 7700. Yaandike yote juu ya karatasi, kwa maana siku hiyo kichwa hakikumbuki hata jina la shule.

Nanyuki kuna mtego mmoja. Kiwanja cha raia kiko kusini mwa mji, kando ya barabara ya Nyeri. Magharibi mwa mji kuna kambi ya jeshi la anga ya Laikipia, yenye njia ndefu nzuri, na jicho lililochoka linavutwa na kilicho kikubwa. Ukiona lami inakuita kwa mbali, linganisha na mji na barabara kabla hujaanza kushuka.

Kwenye kutua, kiamini kipima kasi. Kiwanja kiko futi 6,250 hivi. Siku ya nyuzi 24 hewa yake ni nyepesi kama ya futi 8,800, kwa hiyo noti 65 (maili za baharini kwa saa) kwenye kioo ni kama 74 halisi. Ardhi itapita haraka na mkono utataka kuvuta pua juu ili upunguze. Usivute. Wakati wa kuondoka ni hesabu hiyohiyo kwa upande mwingine: kitasa chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa kikiwa kimesukumwa hadi mwisho, injini inapewa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo na nguvu inapungua. Kirudishe kama kitabu cha ndege yako kinavyoelekeza, tumia urefu wote wa njia, na chagua tangu mwanzo kichaka au alama ambayo usipokuwa na kasi ya kutosha ukiifikia, unakata na kusimama.

Mweiga uulizie siku hiyohiyo, hasa ikiwa mvua ilinyesha wiki hiyo. Mifugo pia huulizwa.

Kila utakapotua, kabla ya selfi, tafuta mtu wa uwanja akutilie sahihi kwamba ulifika, kama shule yako inataka ushahidi huo. Kisha ukiwa bado umeketi, andika saa ya injini na mafuta yaliyobaki kwa kijiti. Hesabu ya kipande cha safari kinachofuata inaanzia hapo, si kwenye ile uliyoipiga jana usiku. Na ukirudi Wilson, piga simu mpango wa safari ufungwe, kwa sababu usipoufunga kuna watu wataanza kukutafuta.