Kiyoyozi cha kati: nusu ya mashine inatengenezwa nyumbani kwako

Friji ukiinunua inakuja nzima. Gesi imeshajazwa kiwandani, mabomba yameshachomelewa, wewe kazi yako ni kuchomeka waya na kusubiri. Kiyoyozi cha kati, kile kimoja kinachopoza nyumba nzima, hakiji hivyo. Kinakuja vipandevipande: mashine ya nje yenye kompresa (pampu inayosukuma gesi) na feni, mashine ya ndani yenye koili (mabomba ya baridi yanayopitiwa na hewa), rola la bomba la shaba, na themostati, kidhibiti cha joto cha ukutani, kwenye kiboksi chake. Njia za kupitishia hewa, zile mafundi tunazoziita dakti, hata hazipo bado. Zitakatwa na kuunganishwa juu ya dari yako. Kwa hiyo unaponiuliza, "Fundi, ninunue ya kampuni gani?" umeuliza kipande kidogo cha swali. Nimeshafungua mashine za bei mbaya zilizokufa kabla ya miaka mitatu, na nimeshakuta za kawaida kabisa zinapiga kazi mwaka wa kumi na tano. Siri haikuwa nembo iliyoandikwa ubavuni.

Tuanze na ukubwa, maana kosa la hapo halifutiki mpaka mashine ing'olewe.

Ukubwa unatajwa kwa tani, na si uzito wa mashine. Tani moja ni uwezo wa kuondoa joto la BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha joto) kwa saa, yaani kilowati 3.5 hivi. Jina limebaki tangu enzi za kupoza kwa barafu: ni joto la kuyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu kwa saa 24.

Kuna mteja aliniita, nyumba mpya, mashine mpya. "Fundi, nyumba inapoa vizuri tu, lakini shuka zinanata." Nikaingia. Kweli, baridi ya pangoni. Vioo vya picha ukutani vina ukungu, na meza ya mbao ukiigusa unadhani kuna mtu ametoka kuipitisha kitambaa chenye maji. Nikavuta kiti, nikakaa na saa mkononi. Mashine ikawaka, dakika sita ikazima. Ikakaa kimya, ikawaka tena, dakika tano, imezima. Sikuhitaji hata kutoa geji, kipimo cha presha, kwenye begi. Walimfungia tani tano kwenye nyumba iliyohitaji tatu, kwa sababu alisema anapenda baridi, na muuzaji hakuona sababu ya kubishana na pesa.

Kiyoyozi kina kazi mbili: kupunguza joto na kukausha hewa. Hewa yenye unyevu ikigusa koili ya baridi, maji yanatoka jasho juu ya vibati vyake vyembamba, yanakusanyika, yanadondoka kwenye trei, yanakwenda nje. Hilo linataka muda. Mashine kubwa kupita kiasi inapoza hewa haraka, themostati inaridhika, inazima, na maji bado yananing'inia kwenye koili. Feni ikiendelea kuzunguka, unyevu ule ule unarudishwa chumbani. (Ndiyo maana nawaambia watu kitufe cha feni wakiache kwenye Auto.) Tena kompresa inaumia zaidi wakati wa kuwaka kuliko wakati wa kutembea, sasa fikiria inayowaka kila baada ya dakika kumi. Hata Willis Carrier, mhandisi Mmarekani, mwaka 1902 mtambo wake wa kwanza kule Brooklyn, New York, aliubuni kwa ajili ya unyevu. Kulikuwa na kiwanda cha uchapishaji ambako karatasi zilitanuka na kusinyaa kwa unyevu wa hewa, rangi zikawa hazilali mahali pake.

Basi fundi akisimama getini, akauliza nyumba ina mita ngapi za mraba, akazidisha na namba moja iliyo kichwani mwake na kukutajia tani, mshukuru na umsindikize. Anayejua kazi ataingia kila chumba. Atapima madirisha na kuangalia yanatazama wapi, kwa sababu kioo kikubwa kinachopigwa na jua la magharibi ni kama jiko, na kioo hicho hicho chini ya kivuli si tatizo. Atapanda darini kuona kama kuna kizuia joto au ni bati tupu. Atauliza mnakaa wangapi, maana mtu aliyekaa tu ametulia anatoa joto la wati 100 hivi. Marekani hesabu hii ina utaratibu wake rasmi unaoitwa Manual J, na programu za kompyuta za kuifanya zipo. Wewe dai karatasi ya hesabu, chumba kwa chumba. Jumla peke yake haitoshi, kwa sababu dakti ya kila chumba inakatwa kulingana na joto la chumba hicho.

Hesabu ikiangukia katikati ya saizi mbili, mimi nachukua ndogo. Kuna mafundi wenzangu hatukubaliani hapo, lakini sijawahi kuitwa usiku kwa sababu mashine imetembea muda mrefu siku ya jua kali. Na kabla ya kulipia nusu tani ya ziada, ipeleke kwanza pesa hiyo kwenye kizuia joto cha darini na kuziba mianya. Joto lisiloingia halihitaji umeme wa kulitoa.

Sasa dakti. Hapa ndipo nyumba nyingi zinaharibikiwa, na hakuna anayeona, kwa sababu dari ikishafungwa imefungwa.

Kila tani inataka hewa ya mita za ujazo 680 hivi kwa saa ipite kwenye koili. Penye unyevu mwingi tunaishusha kidogo ili koili ipate nafasi ya kukausha. Dakti ikiwa nyembamba, hewa haifiki. Koili inapoa kupita kiasi, inaganda barafu, na mwenye nyumba anaambiwa gesi imepungua. Anajaziwa gesi. Mwezi ujao tatizo lipo pale pale.

Watu wanaikumbuka hewa ya kwenda, wanasahau kwamba lazima irudi. Chumba kina tundu zuri la kuingiza baridi lakini hewa haina pa kutokea mlango ukifungwa. Chukua kipande cha tishu, kishike kwenye upenyo wa chini ya mlango uliofungwa wakati mashine inatembea. Kikipeperuka kwa nguvu kuelekea nje, chumba kimejaa hewa iliyobanwa, na feni inasukumana na ukuta. Dawa yake ni dakti ya kurudisha hewa kutoka chumbani humo au tundu lenye grili juu ya mlango. Nafuu sana likitobolewa kabla ya rangi. Baada ya rangi, utasikia neno "tutaona".

Zile dakti laini zinazokunjika zivutwe mpaka zinyooke, na zishikiliwe kwa mikanda mipana. Zikilegea zikajikunjakunja, hewa inachoka njiani. Maungio yapakwe mastiki, ule uji mzito unaokauka ukabaki kama mpira. Gundi ya utepe wa kitambaa inaonekana nadhifu siku ya kwanza, ila joto la darini linaikausha na baadaye inabanduka. Mpango wa Energy Star wa Marekani unakadiria kwamba nyumba ya kawaida inapoteza asilimia 20 hadi 30 ya hewa ya dakti kwa kuvuja na maungio mabaya. Yaani unalipa umeme kupoza popo wa darini.

Chujio la hewa: lisiibane hewa kuliko feni inavyoweza kuvuta. Kama unataka la kunasa vumbi jembamba, itengwe nafasi ya chujio nene tangu mwanzo, badala ya kubana lile jembamba lenye matundu madogo mno. Ukishahamia, liangalie kila mwezi.

Kuhusu gesi ya kupozea, usikubali mashine ya R-22, gesi ya zamani, hata kama ni ya bure. Inaharibu tabaka la ozoni na Itifaki ya Montreal ya 1987 ndiyo iliyoanza kuzifungia njia gesi za aina hiyo. R-410A iliyoirithi haigusi ozoni, ila uwezo wake wa kupasha dunia joto ni mara 2,088 ya kabonidioksaidi, ndiyo maana baada ya Marekebisho ya Kigali ya itifaki hiyo, Oktoba 2016, viwanda vinahamia R-32, yenye 675, na R-454B, yenye 466. Hizi mbili zinashika moto kidogo, kwa hiyo fundi awe amezisomea. Na mashine ya nje isiolewe na koili ya ndani isiyo ya kwake. Zinunuliwe pamoja, zikiwa zimetajwa na mtengenezaji kwamba zinalingana.

Siku ya kufunga, kaa nyumbani. Huhitaji kumsimamia fundi kichwani, lakini kuna mambo mawili ya kuangalia kwa macho yako.

La kwanza, wakati wa kuchomelea mabomba ya shaba, kuna mtungi wa naitrojeni umefunguliwa kidogo unapitisha gesi ndani ya bomba? Niliwahi kukata bomba lililochomelewa bila naitrojeni, nikaligonga mezani. Likamwaga magamba meusi membamba, kama masizi ya sufuria ya kuni. Yale magamba gesi inayasomba, yanakwenda kuziba valvu ndogo ya kwenye koili, tundu lake jembamba mno. Kwa nje kiungo kilikuwa kinang'aa, kazi ya kupigia picha.

La pili, vakyumu. Mabomba yakishajaribiwa kwa presha ya naitrojeni na kuonekana hayavuji, hewa na unyevu vinafyonzwa kwa pampu. Ukisikia "nimeiacha pampu nusu saa, inatosha," uliza geji ya mikroni, kipimo cha presha ndogo iliyobaki bombani, iko wapi. Saa ya ukutani haijui kilichomo ndani ya bomba. Tunashusha mpaka mikroni 500 au chini ya hapo, tunafunga valvu, tunaangalia namba. Ikipanda kidogo ikatulia, bado kuna unyevu unaogeuka mvuke. Ikipanda bila kusimama, pana tundu. Mafuta ya kompresa za siku hizi yananyonya unyevu kama chumvi iliyoachwa wazi, na unyevu huo ukikutana na joto unatengeneza asidi inayoila kompresa taratibu. Haifi mwaka huo. Inakufa dhamana ikiwa imekwisha.

Gesi nayo inapimwa, kwa mizani na kwa kusoma presha pamoja na joto la bomba, siyo kwa kupapasa bomba na kusema limepoa. Na kuanzia leo jua kwamba gesi haiishi kama petroli. Anayekuja kukuongezea kila mwaka bila kutafuta inapovujia anakuuzia kitu kile kile mara nyingi.

Mashine ya nje ikae kwenye kitako kilicho sawa, ipate nafasi ya kuvuta hewa pande zake, na juu pasiwe na kibaraza kinachoirudishia joto lake. Isiwe chini ya dirisha la chumba cha kulala. Umeme iwe na breka yake na swichi ya kuzimia karibu nayo, na kifaa cha kuchelewesha kuwaka dakika tatu hadi tano umeme unaporudi. Kila kitu kikishatulia, pima hewa inayoingia kwenye koili na inayotoka. Kwa kawaida tofauti iwe nyuzi 8 hadi 11 za Selsiasi. Namba zote za siku hiyo ziandikwe kwa kalamu ya wino mzito kwenye mlango wa ndani wa mashine. Fundi atakayekuja miaka minne baadaye atakuombea dua.

Limebaki la maji, na hili lilinifundisha mwenyewe. Nilikuwa bado mgeni kazini, nikafunga mashine ya ndani juu ya dari ya chumba cha watoto. Bomba la kutolea maji nililiinua kidogo tu kukwepa boriti, nikajiambia maji yatajisukuma. Wiki mbili baadaye mama mwenye nyumba akanipigia saa kumi alfajiri. "Fundi, njoo uone." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha. Ubao wa jipsamu umelala juu ya kitanda, godoro linachuruzika, na katikati ya dari kuna shimo, na kupitia hapo naiona mashine yangu ikiendelea kudondosha. Watoto walikuwa wamekwenda kwa bibi yao.

Mashine ya tani tatu penye unyevu inaweza kutoa ndoo nzima ya maji kwa siku, au zaidi. Bomba lake literemke angalau sentimita moja kwa kila mita, bila kupanda popote. Liwe na kona ya U inayobaki na maji, kwa sababu feni inavuta hewa kupitia bomba hilo na bila kizuizi inayashikilia maji yasitoke. Ikiwa mashine iko juu ya dari, chini yake iwekwe trei ya pili yenye swichi ya boya, inayozima kila kitu maji yakipanda.

Gharama ya ile dari nililipa mimi, na godoro pia. Tangu siku hiyo begi langu la vifaa lina chupa ya lita mbili. Kazi ikiisha naijaza maji, nayamimina kwenye trei polepole, kisha nashuka na mwenye nyumba tunakwenda kusimama nje kwenye mdomo wa bomba. Tunasubiri. Yakishatoka yote, ndipo nakunja ngazi.