Mwanangu, anza na usingizi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Unasema tangu mlipoambiwa kazini kwamba huenda mikataba isiongezwe, unashtuka saa nane usiku moyo ukienda mbio, na usingizi haurudi mpaka adhana ya alfajiri. Mchana nako, simu ikiita tu, tumbo linakukata. Ukaniuliza: "Mama, wasiwasi ndio unaoninyima usingizi, au kukosa usingizi ndiko kunakoniletea wasiwasi?"

Yote mawili. Wasiwasi wako ulianza kwa sababu za kweli: kodi ya nyumba, ada ya mdogo wako. Ila sasa kukesha kwenyewe kunauchochea. Tumezoea kuambiana kwamba shida zikiisha mtu atalala. Mimi nakuomba uanzie upande wa pili, kwa sababu mkataba hauko mikononi mwako, na usingizi kwa kiasi fulani uko.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, kazi yake kunusa hatari. Nyuma ya paji la uso kuna sehemu nyingine inayopima mambo na kuituliza. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwakesheza baadhi ya vijana wenye afya njema, wengine wakawaacha walale, kisha wakawaonyesha wote picha za kutisha huku ubongo wao ukipigwa picha. Amigdala za waliokesha ziliitikia kwa nguvu zaidi, kwa takriban asilimia 60, kuliko za waliolala, na mawasiliano yake na ile sehemu ya kutuliza yalikuwa yamelegea. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakaona kwamba usingizi mzito, ule usio na ndoto nyingi, ndio hasa unaoshusha wasiwasi kufikia asubuhi. Ndiyo maana ujumbe wa bosi, "pita ofisini", ukiusoma umelala vizuri ni ujumbe tu, na ukiusoma umekesha unakuwa barua ya kuachishwa kazi.

Kwa hiyo hesabu za saa nane usiku usiziamini. Usiandike barua ya kuacha kazi saa hiyo, wala usikope kwenye simu.

Na usibaki kitandani ukigaragara. Najua utashangaa, maana kila mtu atakuambia ulale tu, utapitiwa. Lakini mtu akilala macho usiku baada ya usiku, akihesabu saa zilizobaki kabla ya kwenda kazini, mwili huzoea kwamba kitandani ni mahali pa hofu. Ukiona kama dakika 20 zimepita, inuka, kaa sebuleni kwenye mwanga hafifu, soma kitu cha polepole, simu iache mbali. Rudi macho yakiwa mazito. Asubuhi amka saa ile ile, hata Jumapili, hata kama ulilala mang'amung'amu. Siku za mwanzo utachoka sana. Vumilia, uchovu huo ndio utakaokuletea usingizi wa usiku unaofuata.

Yale madeni yaandike kwenye daftari jioni, mapema, pamoja na hatua moja ya kesho. Kahawa na chai ya rangi ziishie mchana, kwani kafeini hukaa mwilini saa nyingi. Bia inasinzisha, kisha inakuamsha katikati ya usiku.

Vidonge vya usingizi vya kununua dukani bila cheti, hapana, mwanangu. Miaka yangu wodini nimewauguza watu walioanza na diazepamu kidogo wakashindwa kuiacha.

Ukiendelea kukosa usingizi wiki kadhaa, nenda kwa daktari, umweleze na wasiwasi, usitaje usingizi peke yake. Uliza kama kuna mtaalamu wa saikolojia anayetibu kukosa usingizi kwa mazungumzo na mazoezi. Hiyo ndiyo tiba inayopendekezwa kwanza, kabla ya dawa. Na ikikujia fikra ya kujidhuru, usingoje kuche. Nipigie saa yoyote, mimi au baba yako tutapokea.

Ada ya mdogo wako ya muhula huu tumeshaizungumza na baba yako. Itoe kwenye daftari lako.

Mama yako