Geji ndiyo iseme betri imejaa

Dereva wa bodaboda ambaye geji yake imekufa hutikisa pikipiki, akatega sikio. Akisikia mafuta yanachezacheza, anaendelea na safari. Wengi wetu tunaanza hivyohivyo na betri ya lithiamu: unagusisha mita, unasoma volti 3.9, unatangaza imefika asilimia 70. Betri ileile ikiwa kwenye chaji itasoma 4.1, na ukiiwashia taa kubwa itashuka hadi 3.7. Mafuta hayajapungua hata tone, tangi tu ndilo limetikiswa.

Mimi somo hili lilinifika Tanga, tulipokuwa tunatengeneza taa za wavuvi. Tuliziziba kote na kuzichaji bila waya, kwa sababu tundu la chaji haliwezani na chumvi ya bahari. Koili ya kupokea, yaani waya uliozungushwa unaopokea nguvu kutoka pedi ya kuchajia, ilikaa chini ya kifuniko, nyuma yake shiti ya feraiti ya kukinga sumaku ya koili, halafu betri ya mAh 2000 (miliampea-saa, kipimo cha ujazo wake). Taa zikaanza kurudi na lalamiko moja: inakaa kwenye pedi usiku kucha, asubuhi bado ina joto na kitaa chekundu hakijageuka kijani.

Nikabadilisha koili. Nikabadilisha pedi. Vyote havikuwa na kosa. Siku ya tatu ndipo nikapata akili ya kupima mkondo wa umeme sehemu mbili. Unaotoka kwenye aisii ya chaji, yaani chipu inayoichaji betri: miliampea 130. Unaoingia kwenye betri: 10. Hizo 120 zilikuwa zinaliwa na taa yenyewe, maana mteja aliiacha ikiwaka kidogo apate kuona njia ya chooni. Aisii nayo ilikuwa imepangiwa iache kuchaji pale mkondo wake ukishuka chini ya 100. Ungeshuka vipi? Betri imeshiba tangu saa sita usiku, na bado inashindiliwa.

Ndiyo maana napendelea geji iamue, yaani chipu inayohesabu chaji ya betri. Rezista yake ya kupimia mkondo inakaa kwenye hasi ya betri, kwa hiyo inahesabu kinachoingia na kutoka humo tu, haijali taa inakula nini. Maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya taa, ikawa inaiuliza kila sekunde kupitia I2C, nyaya mbili ambazo chipu huongea nazo: volti zikiwa zimefika 4.18 na mkondo wa betri uko chini ya miliampea 50 kwa dakika 5 mfululizo, simamisha.

Lakini kusimamisha si kuzima aisii ya chaji peke yake. Pedi haijui chochote kuhusu betri yako, inajua inachoambiwa. Katika mfumo wa Qi, kiwango cha kuchaji bila waya, kifaa huongea na pedi kwa kubadilisha mzigo wake kidogo kidogo, pedi ikahisi mabadiliko hayo kwenye koili yake. Kuna ujumbe maalumu wa kukata nguvu, na unabeba sababu: 1 ni betri imejaa, 3 ni joto limezidi. Utume. Usipoutuma, pedi itaendelea kutoa nguvu na koili itapata joto bure.

Chaji tuliipanga ianze tena betri ikishuka hadi asilimia 95. Kwa taa ile inayokula miliampea 120, hiyo ni kama dakika 50 za kupumzika. Ila jaribu pedi zaidi ya moja, kwani zipo ambazo zikishaambiwa imejaa hazianzi tena mpaka uinue kifaa.

Sasa rezista ya geji, maana hapa ndipo wageni wengi wanapojikwaa. Yetu ilikuwa ya miliomu 10, yaani ampea 1 inakupa milivolti 10 tu. Njia ya shaba ya kawaida kwenye bodi, upana milimita 1 na urefu milimita 10, ina kama miliomu 5. Ukivuta nyaya za kupimia kutoka mwisho wa njia hiyo badala ya kwenye miguu ya rezista yenyewe, ampea 1 itasomeka 1.5. Bodi yangu ya kwanza ilikuwa hivyo, na nilibishana na programu wiki nzima.

Kipima joto kibandike kwenye ngozi ya betri, upande wa koili. Chaji ikatwe kwenye nyuzi 45.

Na hesabu ya geji huteleza. Kosa la miliampea 1 kwa wiki moja ni mAh 168, kwa hiyo iache geji isome volti betri ikiwa imetulia, ijisahihishe. Kabla ya kukabidhi kazi, ijaze betri, imalize kabisa, ijaze tena, geji ijue ujazo halisi. Nilifanya hivyo kwenye seli iliyoandikwa 2000, geji ikaleta 1740. Nikairudia mara mbili nikidhani nimekosea. Kumbe geji ilikuwa sawa, lebo ndiyo iliyodanganya.