Neno "bill" na makosa yaliyonifunza kutafsiri

Kwa miaka mingi nimefanya kazi ya kutafsiri hapa Nairobi, na vijana wanaonijia kutaka ushauri huniuliza karibu kila mara kuhusu maneno magumu: istilahi za udaktari, za kompyuta, za mahakama. Mimi huwarudisha kwenye maneno mepesi. Neno gumu humsimamisha mtu, akafungua kamusi au akampigia simu anayejua. Neno jepesi hupita bila kuulizwa, na ndilo lililoniingiza katika kosa ambalo hadi leo sijalisahau. Neno lenyewe ni "bill".

Kikundi kimoja cha wazazi mtaani Kayole kilikuwa kimepata ufadhili wa kujenga madarasa mawili, nami nikapewa makaratasi ya mradi niyatafsiri ili wanachama wayasome wenyewe kabla ya kupiga kura. Miongoni mwake kulikuwa na "bill of quantities", ile hati ambayo mkadiriaji wa gharama za ujenzi huorodheshea kila kifaa na kila kazi, kiasi chake na bei yake. Nilikuwa na haraka, nikaandika "bili ya viwango" na kufungua ukurasa uliofuata. Siku ya mkutano mama mwenyekiti aliishika karatasi ile kwa mikono miwili, akaitazama jumla ya mamilioni iliyoandikwa chini, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, hii bili tunatakiwa kuilipa lini?" Kabla sijapata la kujibu, wazazi watatu waliokuwa wameketi nyuma walikwisha kuinuka na kuondoka, na mmoja wao hakurudi tena katika kikundi. Aliyekiokoa kikao ni fundi wa ujenzi aliyekuwa amealikwa kueleza michoro. "Hiyo si bili, mama," alisema. "Hiyo ni BQ. Inatuonyesha simiti mifuko mingapi, mchanga lori ngapi, mabati mangapi."

Kiswahili kilipolipokea neno hilo kililipokea kwa maana moja tu, yaani deni la huduma ambayo mtu amekwisha kuipata: bili ya maji, bili ya stima, bili ya hospitali. Tena kwa mkazi wa Nairobi neno hilo ni zito. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kuongezwa katika kundi la WhatsApp la kuchanga pesa ili jamaa aliyepona aruhusiwe kutoka wodini? Anayesikia neno bili hupeleka mkono mfukoni. Wazazi wale hawakukosa kuelewa. Walielewa sawasawa nilichokiandika.

Baada ya siku ile nililichunguza neno hilo kwenye asili yake, na la kwanza nililojifunza ni kwamba si neno moja. Ni maneno matatu yaliyokutana katika tahajia moja. La kwanza linatokana na Kiingereza cha kale, "bile", na maana yake ni mdomo wa ndege. La pili, "bil", pia la Kiingereza cha kale, lilikuwa upanga au silaha yenye makali, na limebaki katika jina la kifaa chenye ncha iliyopinda, mfano wa mundu, ambacho wakulima wa Uingereza hukatia ua wa miti. La tatu ni la karatasi, nalo limesafiri mbali kuliko yote.

Katika Kilatini, "bulla" ni kiputo, kama vile vinavyopanda pembeni mwa sufuria chai inapokaribia kuchemka. Kwa kuwa kiputo ni cha mviringo na kimetuna, neno likahamia kwenye vitu vyenye umbo hilo, kisha katika Kilatini cha Enzi za Kati likawa jina la muhuri uliotiwa kwenye hati, na hatimaye likawa jina la hati yenyewe. Ndiyo sababu waraka rasmi wa Papa huitwa "bull" kwa Kiingereza, bila uhusiano wowote na fahali, na ndiyo sababu maneno ya Kiingereza ya kuchemka ("boil"), risasi ("bullet") na taarifa fupi ya habari ("bulletin") yote ni jamaa wa mbali wa bili ya stima. Nilipoyajua hayo nilielewa kwa nini neno hili huvishwa karatasi za kila namna: tangu mwanzo halikuhusu deni, lilihusu hati yenye muhuri.

Kiswahili nacho kina njia zake, na ningependa kila anayeanza kazi hii azijue kabla ya kudhani kwamba lugha yetu imepungukiwa. Hati inayopelekwa bungeni ili iwe sheria, ambayo kwa Kiingereza nayo ni "bill", tunaiita mswada, neno lililotoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya weusi, kwa maana rasimu ni karatasi iliyotiwa weusi wa wino. Kwa hiyo mswada wa kitabu na mswada wa sheria ni neno lilelile, na yote miwili ni maandishi ambayo bado yanaweza kusahihishwa. Mwezi Juni 2024 jambo hilo lilionekana wazi hapa mjini. Wabunge waliupitisha Mswada wa Fedha tarehe 25 huku vijana wakiwa barabarani kuupinga, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini. Wengi waliokuwa wakiufafanua mitandaoni kwa lugha mbalimbali walilazimika kwanza kueleza kwamba mswada hauwi sheria mpaka upite hatua zake, na kwamba kifungu cha 115 cha Katiba kinampa Rais siku 14 za kuukubali au kuurudisha Bungeni. Maelezo hayo yanakaa vizuri ndani ya neno mswada. Ndani ya neno bili hayawezi kukaa.

Mfano mwingine ninaoupenda zaidi ni hundi. Leo tunalitumia kwa karatasi ya benki, lakini ni neno la wafanyabiashara wa Kihindi, ambao walituma fedha kwa hati hizo badala ya kubeba sarafu. Karatasi ya aina hiyo ndiyo Waingereza wanayoiita "bill of exchange". Neno tulikuwa nalo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: unapolikuta "bill", usiulize kwanza linaitwaje kwa Kiswahili. Uliza karatasi hiyo imeandikwa na nani, inamwendea nani, na akiisha kuipokea anatakiwa kufanya nini. Chukua hati za muda mfupi ambazo Benki Kuu ya Kenya huziuza kwa niaba ya serikali, za siku 91, 182 na 364. Kiingereza huziita kwa neno hilohilo, lakini hapo mdaiwa ni serikali, nawe mwananchi ndiwe mdai. Ukiandika bili umeligeuza deni kichwa chini.

Vivyo hivyo kwa msemo wa Kiingereza wa "clean bill of health". Asili yake ni bandarini: meli iliyong'oa nanga ilibeba hati ya kuthibitisha kwamba kule ilikotoka hakukuwa na maradhi ya kuambukiza, na iliyoikosa iliweza kuzuiliwa karantini. Niliwahi kusoma tafsiri iliyosema kwamba mgonjwa "alipewa bili safi", na ninaamini wasomaji wengi walifikiri amelipiwa. Daktari alikuwa amethibitisha kwamba ni mzima, basi.

Mdomo wa ndege ndio mwepesi kuliko yote, ingawa hata huo una mtego wake. Kiingereza humwita hondohondo kwa kuunganisha pembe na mdomo. Wewe usiunganishe chochote, kwa sababu ndege huyo ana jina lake kwetu.

Nilizirekebisha karatasi za Kayole usiku uleule. Juu niliandika "Orodha ya Vifaa, Vipimo na Gharama", na chini yake, kwa herufi ndogo, BQ, kwa kuwa ndilo jina ambalo wangelisikia kwa mafundi kila siku. Kabla ya kuzipiga chapa nilimsomea jirani yangu asiyejua Kiingereza, jambo ambalo tangu siku hiyo sijaacha kulifanya. Katika mkutano wa pili mama mwenyekiti alivaa miwani, akashuka mstari kwa mstari kwa kidole, na alipofika kwenye paa akasimama. "Mwalimu, mabati 80 hayatoshi madarasa mawili," alisema, kisha akamgeukia fundi. Fundi alichukua kalamu, akaanza kuhesabu upya.