Maswali ya Wasomaji: Farasi wa Kaizari na Mkono wa Mtaliano

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeona nakala ya mchoro mrefu wa China wenye farasi mia moja wakiwa malishoni. Jina la mchoraji limeandikwa kuwa ni Lang Shining, na mchoro ni wa hariri, wa kukunjuliwa kidogo kidogo kutoka kulia kama ilivyo desturi ya Wachina. Hata hivyo, farasi wenyewe wamejaa mwili na mwanga unawacheza ubavuni kana kwamba wamechorwa Ulaya. Rafiki yangu anasema kwamba mchoraji alikuwa Mzungu. Ikiwa ni kweli, Ulaya iliingiaje katika michoro ya ikulu ya China, na kwa nini ninaiona zaidi kwa farasi kuliko kwa watu?

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako amesema kweli. Lang Shining ni jina la Kichina la Giuseppe Castiglione, aliyezaliwa Milano mwaka 1688, akajifunza uchoraji huko kwao, akajiunga na Wajesuiti, shirika la watawa wa Kikatoliki, akiwa bradha (mtawa asiye padri), kisha akafika China mwaka 1715. Aliwatumikia makaizari watatu wa ukoo wa Qing, yaani Kangxi, Yongzheng na Qianlong, hadi alipofariki Beijing mwaka 1766. Wakubwa wake wa kidini walitarajia kwamba sanaa ingeifungulia imani mlango, ilhali ikulu ilichotaka kwake ni ufundi wa mkono.

Mchoro uliouona aliukamilisha mwaka 1728, na sasa umehifadhiwa Taipei. Una urefu wa zaidi ya mita 7.7 na kimo cha takriban sentimita 95. Rasimu yake ya wino kwenye karatasi imesalia pia, nayo iko New York. Nakusihi uitazame ukipata nafasi, kwa kuwa mazoea ya mchoraji wa Kiitalia ya kuipanga kazi yote kwanza kabla ya kugusa rangi yanaonekana humo waziwazi. Uangalifu huo ulimfaa sana, maana hariri haisamehi: rangi ya madini iliyochanganywa na gundi ikishaingia katika nyuzi zake, haikwanguliki wala haifunikwi kwa rangi nyingine kama ifanyikavyo katika uchoraji wa mafuta.

Chukua farasi mmoja tu umwangalie kwa karibu. Katika kazi ya Li Gonglin, bingwa wa karne ya 11 ambaye ikulu ilimheshimu mno, mgongo, bega na paja la farasi hutokana na mstari wa wino unaonenepa na kukonda kadiri mkono unavyokwenda. Mstari huo ndio uhai wa mnyama. Kwa Castiglione mstari umefifia hata karibu kupotea. Mwili umejengwa kwa tabaka nyembamba za rangi na vijistari vyembamba kama unywele, vilivyokolezwa chini ya tumbo na nyuma ya bega, na kupunguzwa pale ambapo mwanga unaangukia kwenye matako. Wengine amewachora wakitazamwa kutoka nyuma au kwa mshazari, hivyo kiwiliwili kizima kinabanwa katika nafasi ndogo, na bado jicho linakubali kwamba farasi huyo ana urefu wake kamili. Huo ndio ujuzi aliotoka nao Ulaya.

Sasa nije kwenye swali lako la watu. Katika picha za sura, ikulu haikupenda kivuli kizito upande mmoja wa uso, kwa kuwa kilionekana kama uchafu uliopakwa shavuni. Kwa sababu hiyo, Castiglione alizoea kuchora nyuso kana kwamba mwanga unatoka mbele moja kwa moja. Farasi hakuwa na heshima ya uso ya kulindwa namna hiyo. Kwa maoni yangu, ni katika mwili wa farasi ndipo mchoraji huyu alipopata uhuru mkubwa kuliko popote pengine.

Tena farasi hawakuwa pambo tu. Wamanchu, waliokuwa watawala, walijivunia upandaji farasi na uwindaji, na farasi bora walipokelewa ikulu kama zawadi za utii kutoka nyika za mbali. Mchoro wa mwaka 1757, ulioko Paris, unaonyesha Wakazaki wakimkabidhi Qianlong farasi wao. Farasi waliopendwa walipewa majina yao na kuchorwa mmoja mmoja katika picha kubwa, kama vile wale kumi wa mwaka 1743. Zawadi ya namna hiyo ilipaswa kutambulika, na kwa kazi ya kumfananisha farasi fulani na si farasi yeyote, mbinu za Ulaya zilifaa kweli. Mjesuiti mwingine, Ignaz Sichelbarth wa Bohemia, naye aliwachora farasi hapo hapo ikulu.

Hata hivyo, si wote walioridhika. Zou Yigui, aliyekuwa afisa na mchoraji wa ikulu, alikiri kwamba Wazungu ni hodari wa kupima umbali na kivuli, lakini aliandika kwamba hawana mbinu ya brashi hata kidogo, na kwa hiyo kazi yao ni ya fundi na haistahili kuhesabiwa katika uchoraji. Qianlong mwenyewe alichukua njia ya kati. Farasi wanne walipoletwa kutoka Afghanistan mwanzoni mwa miaka ya 1760, Castiglione aliwachora; kisha kaizari akamwagiza Mchina Jin Tingbiao awachore wale wale kwa kufuata mtindo wa Li Gonglin, na katika shairi lake akaeleza alichokitaka: mfanano wa Lang uunganishwe na hadhi ya Li.