Usimsubiri Mtu: Nilivyokwenda Peke Yangu Kuona Mianga ya Kaskazini

Juzi dada mmoja wa Musoma aliniandikia baada ya kuona picha zangu. Ujumbe ulikuwa mrefu, ila kiini chake ni hiki: "Dada, hela ninayo, likizo ninayo, pasipoti ninayo. Mtu wa kwenda naye ndiye sina. Nisubiri?" Nilitaka kumjibu kwa neno moja tu, hapana, halafu nikakumbuka kwamba swali hilo limenila miaka mimi mwenyewe. Najua wengi mnaosoma hapa mnalo. Acha nilijibu mbele ya wote.

Mimi nilisubiri. Tulikuwa kundi la wanawake wa hapa Mwanza, wengi wetu tunauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, tuko kikoba kimoja, tumezikana na kuuguzana. Tulikubaliana tutakwenda Norway kuona mianga ya kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku, na siku tulipokubaliana watu walishangilia. Kisha mmoja akaanza kujenga Buswelu. Mwingine akasema mume hataki. Yule niliyemtegemea kuliko wote hakusema lolote, aliacha tu kupokea simu yangu wiki ya kukata tiketi. Na kwenye kikao, mbele ya watu, ikasemwa kwamba hela ya kwenda kutazama mbingu ingetosha kujenga vyumba vya kupangisha. Sikujibu. Lakini liliniuma, na ninapoandika hapa bado linaniuma. Ile hela ilikuwa yangu. Sikuikopa kikoba, na hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ada kwa sababu yake.

Januari mwaka huu nikaenda peke yangu, Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norway. Nikaiona mianga. Kwa hiyo ninayoyasema hapa sikuyasikia kwa mtu.

La kwanza kulielewa ni kwamba adui yako ni wingu. Watu wengi wanaoniuliza wanaanza na namba za Kp, kile kipimo cha 0 hadi 9 kinachoonyesha sumaku ya dunia imetikiswa kiasi gani. Kipimo hicho kina maana sana kwa mtu aliye kusini, Ujerumani au Uingereza, anayengoja dhoruba kubwa. Tromsø iko nyuzi 69 kaskazini, chini ya ule mkanda wenyewe wa mianga unaoizunguka ncha ya sumaku. Pale hata Kp 1 au 2 mianga inaweza kukuchezea juu ya kichwa. Jua linarusha chembe zake muda wote, sumaku ya dunia inazielekeza kwenye ncha, zinagonga hewa ya juu, hewa inawaka. Kijani unayoiona ni oksijeni, kilomita 100 na kitu kutoka ardhini. Nyekundu ni oksijeni ya juu zaidi, kupita kilomita 200. Mawingu yote yako chini ya hapo, kilomita chache tu kutoka kichwani pako. Mbingu inaweza kuwa inawaka usiku kucha, na wewe umesimama chini ya blanketi la wingu huoni kitu.

Ndiyo maana nasema hela yako inunue usiku mwingi. Usiinunulie hoteli nzuri. Kuna watu nilikutana nao huko waliokuja kwa usiku mmoja au miwili, wamelala kwenye vyumba vyenye madirisha makubwa ya kutazama bahari, wakaondoka na picha za theluji inayodondoka. Mimi nililala hosteli, chumba cha vitanda vingi, nikapika uji na maharage ya kopo jikoni, na fedha niliyookoa nikaigeuza kuwa usiku. Wiki nzima ndiyo naiita safari. Chini ya hapo unacheza bahati nasibu.

Pwani ya Norway, Desemba na Januari, ina mawingu na theluji nyingi. Februari na Machi mara nyingi anga hutulia zaidi, na kuelekea mwisho wa Machi mianga nayo huwa na nguvu. Anayetaka uhakika zaidi wa anga safi aiangalie Abisko, upande wa Sweden, ambako milima huzuia mawingu yanayotoka baharini. Mimi nilichagua Januari kwa sababu nilitaka pia kuona nchi isiyo na jua. Tromsø jua halichomozi kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari. Mama yangu aliponipigia simu aliniuliza jua linatoka saa ngapi huko. Nikamwambia, mama, kwa sasa halitoki. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama nimekula. Kwetu sisi tuliozaliwa karibu na ikweta, mchana na usiku ni saa kumi na mbili kwa kumi na mbili mwaka mzima, jambo hilo halielezeki kwa simu. Mchana kuna saa chache za mwanga wa buluu, kama alfajiri isiyoisha, halafu giza linarudi.

Sasa mwezi. Hapa ndipo sisi watu wa ziwa tunawazidi wengine wote, na nilijivunia. Muuza dagaa yeyote anajua kalenda ya mwezi kuliko kalenda ya ukutani. Dagaa wanavuliwa kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola, na taa inavuta dagaa pale ambapo giza ni la kweli. Mbalamwezi ikishika, mitumbwi inalala ufukweni, bei inapanda. Mianga ya kaskazini ina kanuni hiyo hiyo. Mwezi mpevu hauizuii ile yenye nguvu, na unakupa milima inayong'aa kwenye picha, lakini ile hafifu unaimeza. Kwa hiyo nilipochagua tarehe sikuhitaji programu ya simu. Nilichukua giza.

Na giza lilinigharimu. Wakati wa giza ndipo dagaa wanatoka kwa wingi, ndipo mimi nakusanya mzigo wa kuuza mbalamwezi ikija. Kuondoka wakati ule ni kuacha msimu mezani. Nilimwachia mdogo wangu daftari, mizani na namba za wavuvi, nikaondoka. Msimu mwingine ulikuja. Nawaambia wafanyabiashara wenzangu mnaosema "nitaenda biashara ikitulia": biashara ya ziwani haijawahi kutulia tangu nimezaliwa.

Viza. Sehemu hii inachosha, nitaisema haraka. Norway iko Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, kwa hiyo unaomba viza ya Schengen. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Maombi yanafunguliwa miezi 6 kabla ya safari na hayapokelewi chini ya siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida ni siku 15, lakini linaweza kufika 45, basi usijidanganye na ile 15. Pasipoti ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku unayotoka Ulaya, iwe na kurasa mbili tupu. Alama za vidole hazichukuliwi Mwanza, weka na safari ya Dar kwenye bajeti.

Nilishawahi kunyimwa viza na ubalozi mmoja, miaka ya nyuma, kwa safari nyingine. Karatasi ile ya kukataliwa ilisema hawaamini kwamba nitarudi. Mwanamke mwenye mzigo wa dagaa ghalani, mwenye leseni, mwenye mama anayemtegemea, asirudi aende wapi? Safari hii niliandika barua ambayo hakuna mtu angeweza kuisoma akabaki na swali hilo. Niliweka usiku baada ya usiku: hapa nitalala, hapa nitatoka na mwongozaji, hapa ni usiku wa akiba kwa ajili ya mawingu. Niliandika kwa nini Januari, kwa nini giza la mwezi, kwa nini peke yangu. Niliambatisha leseni ya biashara, TIN, taarifa ya benki inayoonyesha hela ikiingia na kutoka kama ya mtu anayefanya kazi, siyo mamilioni yaliyodondoka jana yake. Mtu anayesafiri peke yake lazima ajieleze zaidi ya kikundi. Jieleze. Usinung'unike.

Nguo zinawatisha watu bila sababu. Nenda Mlango Mmoja, soko la mitumba hapa Mwanza. Marobota ya mitumba yanakuja na makoti ya baridi ya huko huko Ulaya, na hapa wanunuzi wake ni bodaboda wa usiku na wavuvi, kwa hiyo bei haipandi. Nilipopata la kwangu nililigeuza ndani nje. Nikavuta zipu juu chini mara kadhaa, nikakagua mshono wa kwapani maana ndipo makoti yanapoachia, nikakanda kifua kuona kama manyoya yamejikusanya chini. Halafu nikaweka kitambaa mdomoni nikapuliza kwa nguvu. Pumzi ikipita, upepo nao utapita, liache. Muuzaji alidhani nimechanganyikiwa. Koti lile lilinifikisha mpaka wa Finland, ambako baridi ilishuka chini ya nyuzi 20 hasi. Mjini Tromsø kwenyewe siyo kali hivyo, bahari inaupasha moto mji, Januari inacheza chini ya sifuri kidogo.

Ndani ya koti vaa sufu iguse ngozi, usivae pamba. Pamba ikinywa jasho haikauki, inakugandisha. Viatu vizidi namba moja ili viingie soksi mbili na vidole vicheze. Kwenye maduka ya kule kuna mipira yenye misumari ya kuvalisha juu ya viatu, inunue siku unayofika, maana barabara za Tromsø zina vilima na barafu inateleza kama sabuni. Wengi wanaopeleka watu kutafuta mianga wanaazimisha ovaroli na mabuti, uliza kwanza kabla hujatumia hela. Na kadi yako ya benki, piga simu ifunguliwe matumizi ya nje kabla hujapanda ndege. Norway karibu kila kitu ni kadi, hata choo.

Usikodi gari kama hujawahi kuendesha kwenye barafu. Lipa mwongozaji. Basi kubwa ni nafuu, gari dogo ni ghali ila linageuka haraka na kufuata uwazi wa anga, hata likibidi kuvuka hadi Finland, kwa hiyo beba pasipoti. Wanatoka saa kumi na mbili au moja jioni, wanarudi saa saba au nane usiku. Chukua gari usiku wa mwanzo mwanzo ili ujifunze kusoma anga, halafu usiku mwingine toka mwenyewe. Angalia mawingu kwenye Yr, huduma ya hali ya hewa ya Norway, saa kwa saa.

Usiku ninaoukumbuka nilikuwa mwenyewe. Juu ya mji wa Tromsø kuna ziwa dogo, Prestvannet, unapanda kwa miguu, na Januari limeganda. Nilisimama kando yake, simu imezimwa mwanga, nikangoja macho yazoee giza. Juu ya kilima kulikuwa na utepe mwembamba, wa kijivu, ningesema ni wingu. Nikatoa simu mfuko wa ndani, ambako huwa naiweka ili baridi isiue betri, nikaiegemeza, nikapiga kwa sekunde kadhaa. Kwenye kioo utepe ulikuwa kijani. Jicho la mtu usiku haliioni rangi vizuri, simu inatangulia kujua. Kumbuka hilo, maana wapo wanaoikosa huku wameitazama. Halafu utepe ukanenepa, ukakatika, ukaanza kukimbia kutoka upande mmoja wa mbingu hadi mwingine, ukingo wake wa chini una waridi, na hapo hapakuhitajika simu. Nilipiga kigelegele. Peke yangu, juu ya barafu, kama niko harusini Magu. Mzee aliyekuwa akitembeza mbwa alisimama, akanitazama, akainua kichwa naye akatazama.

Kama ningekuwa na kundi langu, usiku ule tungekuwa hotelini tunajadili nani amechoka na nani ana baridi. Hilo naliamini kabisa. Ukiwa peke yako unatoka saa tano usiku wingu linapofunguka, hujamwomba mtu ruhusa. Dada zangu, mmefundishwa kwamba mwanamke akisafiri mwenyewe ana lake jambo. Ndiyo, analo. Liseme kwa sauti, lifungulie akaunti yake benki, uliwekee kila mbalamwezi kitu kidogo. Wanaokucheka leo hawatakulipia tiketi kesho, na hutakiwi kuwaomba.

Tahadhari za kweli ni chache. Waambie mapokezi ya hosteli unakwenda wapi na unarudi saa ngapi. Usipande milima ya theluji peke yako, maporomoko yanaua hata wenyeji. Usipange ndege ya kuunganisha Oslo kwa muda mfupi, theluji inachelewesha. Ukirudi ndani umelowa jasho, badilisha nguo kabla ya kufanya kingine chochote.

Kwa wanaotaka msimu ujao: jua bado lina nguvu. Mwezi Oktoba 2024 NASA na NOAA, mashirika ya Marekani ya anga za juu na ya hali ya hewa, walitangaza limefika kipindi cha kilele cha mzunguko wa nguvu zake wa miaka kama 11, na baada ya kilele hushuka polepole. Maombi ya viza ya safari ya Februari yanafunguka Agosti. Anayetaka kuona barua niliyoandika aniandikie, nitamtumia, abadilishe jina na biashara. Mimi nimeanza kuweka akiba ya Alta, mji mwingine wa kaskazini mwa Norway.