Maswali ya Wasomaji: Friji ya Boti, Betri na Barafu

SWALI: Ndugu mafundi, nina boti ya mbao ya abiria inayotoka Kasenyi kwenda visiwa vya Ssese. Nataka kuwauzia abiria soda na maji baridi, pia kuweka maziwa na nyama ninayopeleka visiwani. Dukani Kampala nimeonyeshwa friji mbili za kubeba, zote lita 40, zote volti 12, lakini moja ni rahisi kuliko nyingine kwa mbali sana. Betri niliyo nayo ni ya ampea-saa 100. Ninunue ipi? – Msomaji, Entebbe

JIBU: Ndugu msomaji, muulize muuzaji jambo moja kabla ya bei: ina kompresa, yaani pampu yenye mota inayosukuma gesi ya kupoza kama ya friji ya nyumbani? Ile rahisi, kwa kawaida, haina. Ndani yake mna kibamba kinachopoa upande mmoja umeme ukipita, na feni ya kutoa joto upande wa pili. Friji ya namna hiyo hushusha joto nyuzi 15 hadi 20 tu chini ya hewa iliyoizunguka. Saa nane mchana, chini ya turubai lenye nyuzi 32, ndani utapata nyuzi 12 ikijitahidi sana. Soda itanyweka. Maziwa na nyama vinataka nyuzi 4 au chini ya hapo, kwa hiyo vitaharibika.

Ubaya wake wa pili ni ulaji wa umeme. Inavuta ampea 4 hivi na haipumziki, sawa na ampea-saa 96 kwa siku: betri yako nzima. Yenye kompresa huvuta karibu kiasi hicho hicho inapofanya kazi, lakini ikishapoa hujizima. Kivulini hufanya kazi theluthi hadi nusu ya muda, kwa hiyo hesabu ampea-saa 35 hadi 45 kwa siku. Nunua ya kompresa, hata kama itakubidi usubiri miezi miwili uongeze pesa.

Sasa betri. Ya risasi na asidi usiishushe chini ya nusu, maana yake katika 100 una 50 za kutumia. Inatosha siku moja, basi. Na ikiwa ni betri ya gari, bamba zake ni nyembamba, zimetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache. Ukiikausha kila siku itakufa baada ya miezi michache. Tafuta betri ya sola. Paneli ya wati 100 huku kwetu kwenye ikweta, ukishatoa hasara za waya, joto na mawingu, hurudisha ampea-saa 28 hivi kwa siku. Weka mbili, na kidhibiti chaji. Usitegemee injini ya boti kuchaji mpaka fundi athibitishe kwamba ina koili ya chaji (inayozalisha umeme injini ikizunguka) na rektifaya (inayougeuza umeme huo ufae betri). Nyingi za kuvuta kamba hazina.

Tatizo tunaloletewa mara nyingi kuliko yote liko kwenye waya. Friji inawaka, inalia, inazima baada ya sekunde chache, taa nyekundu inawaka na kuzimika, na mwenyewe anairudisha dukani akidhani ni mbovu. Kompresa inapoanza huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Waya ukiwa mwembamba, volti zinashuka njiani na friji inadhani betri imeisha. Betri ikiwa mita 5 kutoka kwenye friji, umeme unasafiri mita 10, kwenda na kurudi. Kwa ampea 5, waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba unapoteza karibu volti 0.6, wa milimita 6 unapoteza 0.15 tu. Tumia wa 6. Weka fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na betri. Plagi ya kiberiti cha gari iondoe: mtikisiko wa injini huilegeza, inapata moto, plastiki inayeyuka. Ukipima, pima volti kwenye friji yenyewe wakati kompresa inaanza, si kwenye betri.

Friji nyingi za kompresa zina ngazi tatu za kulinda betri: volti za betri zikishuka, friji hujizima, na ngazi ikiwa ya juu hujizima mapema zaidi. Ikiwa betri hiyo hiyo ndiyo inayowasha injini, weka ngazi ya juu kabisa, usije ukabaki katikati ya ziwa na soda baridi na injini isiyowaka.

SWALI: Je, friji ya gesi? Haitumii betri. – Msomaji, Jinja

JIBU: Kwenye boti, hapana. Ina mwali wa moto, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama chini ya boti mahali pale pale friji inapokaa. Tena inataka kusimama sawasawa. Boti ikiyumba, haipoi vizuri. Hata ya kompresa iwekwe mbali na matangi ya mafuta.

SWALI: Sisi wavuvi wa Ntoroko, Ziwa Albert, barafu hutufikia kwa shida. Friji ya lita 80 inaweza kupoza kilo 60 za sangara hadi tufike mwaloni? – Kikundi cha wavuvi

JIBU: Ndugu zetu, msitoe pesa ya kikundi kwa kazi hiyo. Kushusha kilo 60 za samaki kutoka nyuzi 28 hadi 2 ni kuondoa joto la wati-saa 1,560 hivi. Kompresa ndogo, hata tukiihesabia wati 70 za kuondoa joto, itahitaji saa 22, na samaki ameanza kuharibika ndani ya saa chache za kwanza. Kilo 17 za barafu inayoyeyuka huondoa joto hilo hilo. Kwa jua la Ntoroko, ongezeni hasara ya boksi: beba kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Pesa iende kwenye boksi lenye foamu ya sentimita 7 hadi 10 na tundu la kutoa maji chini. Pondeni barafu, tabaka la barafu, tabaka la samaki, na juu kabisa barafu tena.

Hesabu hiyo inamhusu pia ndugu wa Entebbe. Soda 24 za nusu lita zenye joto la duka zitaishughulisha friji yako saa 4 hadi 5. Zipoze usiku nyumbani kwa umeme wa ukutani, pamoja na friji yenyewe. Kwenye boti iinue juu ya mbao, maji ya chini yasiifikie, ifunge kwa mkanda, na iachie sentimita 10 za hewa upande wa matundu.